Mtu kakamatwa wilayani, kituo kinasema hayupo: rekodi zake zinatafutwaje?

#1 NyotaYaZiwa
Wakuu, salaam. Naomba mwongozo kwa wanaozijua hizi ofisi kwa ndani.

Kijana kachukuliwa mnadani, wilaya ya pembezoni huku Rukwa, wiki ya saba sasa. Kinachojulikana ni siku ya mnada, kwamba alipakiwa kwenye difenda na wenzake wanne, jina lake la shule na jina analoitwa mtaani. Basi. Kituo cha karibu kimesema jina hilo halipo. Gereza la mjini nalo limesema halipo.

Je, kuna daftari au tovuti moja inayoonyesha nani kakamatwa, yuko mahabusu gani na kesi yake iko mahakama gani? Kama hakuna, mtu aanzie wapi, aulize nini, abebe nini? Na kama kijana alishahukumiwa, nakala ya hukumu inatoka dirisha gani?

Tafadhali tusitaje jina la mtu humu.

#2 Kabwela wa Mpanda
Pole sana mkuu. Ingia TanzLII, ile tovuti ya maamuzi ya mahakama, andika jina, kesi itatokea. Na sheria inasema saa 24, kwa hiyo wiki saba lazima awe ameshafikishwa mahakamani. Achana na polisi, nenda moja kwa moja mahakama ya wilaya.

#3 KaraniMstaafu
Kabwela #2, nia yako njema lakini utamzungusha mwenzio. Daftari moja halipo, mleta uzi.

Shika hili kwanza. Mtu huyohuyo anabadilika jina kila anapovuka mlango. Kituoni ni mtuhumiwa, mahakamani ni mshtakiwa, gerezani kabla ya hukumu ni mahabusu, baada ya hukumu ni mfungwa. Kila mlango una daftari lake na namba zake, na namba ya mlango huu haisomeki mlango ule mpaka uipate karatasi ambayo namba mbili zimeandikwa pamoja. Kazi yako ni kutafuta hizo karatasi.

Kituoni kuna namba mbili ambazo watu wanazichanganya. RB ni ya taarifa: mlalamikaji akifika kaunta, maelezo yake yanaandikwa na anapewa RB. IR ni ya jalada la upelelezi. Zote zinaandikwa kwa mtindo mmoja: herufi za kituo, kisha RB au IR, kisha namba, kisha mwaka. Sasa angalia. RB imefunguliwa kwa jina la aliyeibiwa ng'ombe, siyo la aliyekamatwa kwa wizi wa ng'ombe. Ukisema "niangalizie fulani" na askari wa zamu akapekua kitabu cha taarifa, atakujibu hayupo, na atakuwa anasema kweli.

Unalolitaka ni daftari la mahabusu, PF 20. Humo anaandikwa aliyeingia selo, anashikiliwa kwa nini, kaingia saa ngapi na katoka saa ngapi. Kwa hiyo usiulize jina. Uliza siku: "Naomba niangaliziwe daftari la mahabusu, siku ya mnada na siku mbili zilizofuata, waliingia watu watano kutoka mnadani." Watu watano kwa mpigo hawapotei kwenye ukurasa, hata kama majina yao yameandikwa vingine. Ukishaiona safu ya kutoka, unajua mlango wa pili.

#4 MpenziWaMpunga
Mzee karani, hilo la RB kuwa ya mlalamikaji ndilo linalowakwamisha wengi. Asante.

Naongezea kuhusu majina. Kwenye hati ya mashtaka na kwenye majalada ya polisi utakuta mtindo huu: jina, halafu s/o (mwana wa), jina la baba, halafu alama ya @, halafu jina la mtaani. Hiyo @ maana yake "anayejulikana pia kama". Kwa wanawake ni d/o (binti wa). Mtu anayeitwa Kadogo na kijiji kizima, akiulizwa jina kaunta usiku, atasema Kadogo, na Kadogo ndilo litakaloandikwa mwanzo. Andika kwenye karatasi majina yake yote: la ubatizo au la Kiislamu, la ukoo, la utani, la baba, la babu. Halafu jaribu kuyageuza, L kuwa R, Sh kuwa S, Z kuwa S. Masanja anaweza kuandikwa Masaja, Charles akawa Chalesi.

#5 WakiliWaVijijini
Nimsahihishe Kabwela #2 kwa heshima, maana hizo "saa 24" zinawapotosha watu.

Kifungu cha 32 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, kinahusu mtu aliyekamatwa bila hati kwa kosa lisilo na adhabu ya kifo. Ikionekana haiwezekani kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo anatakiwa alitazame shauri lake na amwachie kwa dhamana, isipokuwa kosa likionekana ni kubwa. Akibaki ndani, apelekwe mahakamani mapema iwezekanavyo. Kwa hiyo saa 24 zikipita kuna njia mbili, kizimbani au dhamana ya polisi. Na dhamana ya polisi haiachi alama yoyote mahakamani.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawajalizingatia. Tangu marekebisho ya 2022, ukiacha makosa makubwa, shauri halifunguliwi mahakamani kabla upelelezi haujakamilika. Kifungu ni 131A. Kwa hiyo mtu anaweza kukaa wiki saba, hata zaidi, akiwa nje kwa dhamana ya polisi, anaripoti kituoni kila tarehe anayopangiwa, na mahakama ya wilaya haina hata karatasi moja yenye jina lake. Ukienda masjala ukaambiwa hayupo, usihitimishe kwamba kafichwa.

Wapo pia wanaodai mtu hakai selo zaidi ya "saa 4": hizo ni saa za mahojiano, kifungu cha 50. Hazihusu muda wa kukaa selo.

Namba hizi za vifungu ni za toleo la 2022. Kwenye Toleo la Marejeo la 2023 namba zimesogea, kwa hiyo tafuta kwa maneno ya kifungu.

#6 Kabwela wa Mpanda
Nimekubali kusahihishwa, wakili. Lakini TanzLII je?

#7 DadaMasjala
TanzLII ni nzuri sana ukijua ilipoishia. Imejaa maamuzi ya Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu. Kesi ya wizi wa baiskeli ya Mahakama ya Mwanzo usitegemee kuikuta huko, na kesi ya wiki saba ambayo haijaamuliwa haitakuwepo.

Inasaidia kwa kesi za zamani zilizokatiwa rufaa, na hapo usianze na jina. Juu kabisa ya kila uamuzi wa rufaa pameandikwa shauri lilikotoka: mahakama ya wilaya gani, inakaa wapi, shauri namba ngapi la mwaka gani. Kwa huko Rukwa, rufaa za wilaya ya Nkasi zinakwenda Mahakama Kuu Sumbawanga na kichwa chake kinataja Nkasi na Namanyere. Kwa hiyo andika neno Namanyere pamoja na kosa na mwaka, upitie yatakayotokea. Maamuzi mengi ni ya Kiingereza, basi andika kosa kwa Kiingereza. Kwa makosa ya kujamiiana jina la mwathirika limefichwa kwa herufi, la mshtakiwa lipo. Ukikuta namba ya kesi ya chini, umeshapata funguo ya masjala.

#8 Mzee wa Kiliwi
Jamani hamjamuuliza mleta uzi swali la msingi. Nani aliyemkamata? Difenda siyo ya polisi peke yao. Wahifadhi wa wanyamapori wana magari, misitu wana magari, uhamiaji wana magari. Hao wakimkamata mtu, wanamkabidhi kituo cha polisi kinachowafaa wao, mara nyingi karibu na hifadhi au makao makuu ya wilaya, na siyo kituo cha pale mnadani. Kama ni nyara za serikali, kesi inaandikishwa kama ya uhujumu uchumi, kwenye daftari tofauti na la jinai za kawaida. Karani akipekua rejista ya jinai hatamwona. Mwambie apekue na ya uhujumu.

#9 NyotaYaZiwa
Mzee #8, waliokuwepo wanasema baadhi walivaa kiraia. Hawakujitambulisha kwa watu.

#10 Mzee wa Kiliwi
Basi anza na mtendaji wa kijiji na mwenyekiti. Mara nyingi hupewa taarifa kabla au baada ya ukamataji, na huyajua magari. Kwa tukio la mnadani, muulize pia anayekusanya ushuru, kwa sababu anakuwa getini tangu alfajiri.

#11 Chipukizi_Sheria
Kuna uwezekano mwingine ambao hamjautaja: amri ya saa 48. Mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa wana mamlaka hayo kwa Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997. Anayewekwa ndani kwa amri hiyo anakaa selo ya polisi lakini hana mlalamikaji wa kawaida, kwa hiyo RB utaitafuta hadi uchoke. PF 20 ndiyo itakayomwonyesha. Sababu za amri zinatakiwa ziandikwe, na baada ya saa hizo apelekwe mahakamani au aachiwe.

#12 KaraniMstaafu
Chipukizi yuko sahihi, ila kwa wiki saba sidhani kama ndiko kulikomficha huyu kijana. Mimi naegemea Mahakama ya Mwanzo. Watu wakitoka mnadani na kosa dogo, shambulio la kawaida, matusi, wizi mdogo, wanafikishwa Mahakama ya Mwanzo ya tarafa kesho yake au keshokutwa. Akikiri siku hiyohiyo anahukumiwa siku hiyohiyo. Faini ikikosekana anapanda karandinga. Kwa kifungo kifupi anaweza kuwa ameshamaliza! Mleta uzi ametaja kituo na gereza, hajataja Mahakama ya Mwanzo hata moja. Na wilaya moja ina mahakama hizo kadhaa, kila moja na daftari lake.

#13 WakiliWaVijijini
Mzee karani, hapo tunatofautiana. Watano kwa mpigo, na wakamataji wa kiraia, hilo linanusa kosa kubwa linalopelelezwa na ofisi ya mkoa. Mimi ningeanza kwa mkuu wa upelelezi wa wilaya, OC-CID, kisha kwa mkuu wa upelelezi wa mkoa, RCO. Kama jalada limepelekwa kwa wakili wa serikali, Ofisi ya Taifa ya Mashtaka nayo wanaingiza majalada kwa namba ya IR.

Kumbukeni pia mauaji. Mashauri hayo yanaanza mahakama ya wilaya kwa namba ya PI (uchunguzi wa awali) kwa sababu mahakama hiyo haina mamlaka ya kuyasikiliza. Mshtakiwa anasomewa, haruhusiwi kujibu chochote, anarudishwa mahabusu. Rejista ya kawaida ya jinai haitamwonyesha.

#14 DadaMasjala
Ngoja nieleze masjala vizuri, maana kila mtu anasema "nenda masjala" kama vile ni duka.

Fika saa 2 asubuhi, kabla hakimu hajaingia, au baada ya saa 8 mchana. Kati ya hapo karani yuko mahakamani na majalada mkononi. Kwanza soma ubao wa matangazo, ndiko inakobandikwa orodha ya mashauri ya siku. Mahabusu wanaletwa kila baada ya siku 14 au pungufu, kwa hiyo ukisoma orodha ya wiki mbili mfululizo, kila mwenye kesi inayotajwa na aliye ndani atakuwa amepita mbele ya macho yako. Hii njia inachosha lakini haihitaji kumwomba mtu yeyote.

Rejista ya karatasi imepangwa kwa tarehe ya kufunguliwa shauri, siyo kwa alfabeti. Mpe karani kipindi: "kuanzia siku ya mnada, wiki tatu mbele". Ukimpa jina tu bila tarehe unamtaka asome kurasa mia. Mashauri yaliyoingizwa kwenye mfumo wa kielektroniki yanatafutika kwa jina, na hapo mwambie aandike jina moja tu, lile lisilo la kawaida. Akiandika yote matatu na moja likawa limekosewa herufi, mfumo unarudi mtupu. Na usishangae ukiona namba ya kesi ya tarakimu nyingi. Zile namba fupi za "Shauri Na. 45" zilikuwa za kila mahakama peke yake, za mfumo mpya zinakwenda kwa mfululizo mrefu zaidi.

Ukimpata, nakili vitu vitano papo hapo: namba ya shauri, jina la hakimu, kosa na kifungu, tarehe ijayo, na namba ya IR ambayo mara nyingi iko kwenye hati ya mashtaka. Hiyo ndiyo karatasi aliyoisema mzee karani, yenye namba mbili pamoja.

#15 Bin Makame
Na huku visiwani msije mkafuata haya mkapotea. Polisi ni wa Muungano, lakini mahakama, mwendesha mashtaka mkuu na sheria ya mwenendo wa jinai ni za Zanzibar wenyewe, sheria yao ni Na. 7 ya 2018. Gereza huku linaitwa Chuo cha Mafunzo. Ukifika Unguja ukauliza "gereza" utaelekezwa, ila barua yako iandike kwa jina sahihi.

#16 MkaaziWaKilifi
Hamjambo majirani. Huku Kenya kitabu cha kituo cha polisi ni OB (kitabu cha matukio), na mlalamishi na mshukiwa wote huandikwa humo, kwa hivyo namba ya OB pamoja na tarehe hufungua mambo mengi. Katiba yetu, Ibara ya 49, inataka mshukiwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, na zikiishia nje ya saa za kazi au siku isiyo ya korti, basi siku ya korti inayofuata. Orodha za kesi za siku nyingi zinapatikana kwenye tovuti ya Kenya Law. Pia Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inatoa siku 21 za kujibiwa, lakini habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu ni saa 48. Mtu akizuiliwa, andikeni barua kwa msingi huo.

#17 Chipukizi_Sheria
Asante jirani, saa 48 hizo ni nzuri mno. Sheria yetu ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya 2016, inampa mwenye taarifa siku 30, na mwombaji awe raia. Kwa mtu aliye selo siku 30 ni nyingi. Lakini barua yenye muhuri wa kupokelewa inabaki kuwa ushahidi kwamba uliuliza tarehe fulani, na ndiyo utakayoambatisha ukifika Mahakama Kuu.

#18 Mama Duka la Dawa
Samahani naingilia. Nataka kumwajiri mlinzi. Naweza kwenda kituoni kuangaliziwa kama aliwahi kukamatwa?

#19 WakiliWaVijijini
Hapana mama. Kukamatwa siyo kutiwa hatiani, na daftari la mahabusu siyo la umma kulipekua. Tena tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Njia halali ni yeye mwenyewe aombe cheti cha tabia njema cha polisi, alama zake za vidole zichukuliwe, akuletee cheti.

Na hata ukikuta kesi, soma mwisho wake. Kuna "ameachiwa huru" baada ya ushahidi kusikilizwa, na kuna "ameondolewa mashtaka" kwa sababu upande wa mashtaka umeyaondoa au umeshindwa kuendelea. Huyu wa pili anaweza kukamatwa tena kwa jambo lilelile, hata hapo mlangoni pa mahakama. Kwa karani zote mbili ni jalada lililofungwa. Kwa mhusika tofauti yake ni kubwa mno.

#20 Mama Duka la Dawa
Nimeelewa. Asanteni.

#21 AskariMagerezaMst
Upande wa gereza. Gereza halimpokei mtu bila hati ya mahakama. Mahabusu anaingia na hati ya mahabusu, mfungwa anaingia na hati ya kifungo, na namba ya shauri iko kwenye hati. Kwa hiyo gereza likimjua, mahakama inamjua. Kinyume chake siyo lazima.

Mnapouliza langoni, semeni kama mnamtafuta mahabusu au mfungwa, maana hawakai kwenye orodha moja. Na siyo kila wilaya ina gereza. Wa wilaya isiyo na gereza wanapelekwa jirani, na jirani yake anaweza kuwa mkoa mwingine. Wa vifungo virefu wanahamishiwa magereza makuu, Ruanda Mbeya, Isanga, Ukonga, Maweni. Kadi ya uhamisho inabaki gereza la kwanza, kwa hiyo ukiambiwa "hayupo" uliza swali la pili: "aliwahi kuwepo?" Majibu ya maswali haya mawili hayafanani kabisa.

Pigeni pia hesabu ya theluthi. Kifungo cha zaidi ya mwezi kina msamaha wa theluthi moja kwa tabia njema, aliyefungwa miezi mitatu anakaa miwili. Kuna na msamaha wa Rais, unaotangazwa hasa 26 Aprili na 9 Desemba. Na kuna wanaotumikia kifungo cha nje, hao wako chini ya maofisa wa uangalizi, mnawakuta wakifyeka hospitali ya wilaya.

#22 MpenziWaMpunga
Afande, na mfungwa wa madai?

#23 AskariMagerezaMst
Umefanya vema kukumbusha. Anayefungwa kwa deni la hukumu ya madai hajapita polisi hata dakika moja. Hana RB, hana IR, hana PF 20. Anakuja na amri ya mahakama, na aliyeshinda kesi ndiye anayelipia chakula chake. Familia inazunguka vituo vyote vya polisi wakati mtu wao yuko ndani kwa deni. Wao ni wachache lakini wapo.

#24 Mwalimu Tweve
Mleta uzi, kijana ana umri gani? Kama ni chini ya miaka 18, karibu yote yaliyosemwa hapa yanabadilika. Shauri linasikilizwa faragha kwenye mahakama ya watoto, na mahali pa kuuliza ni ofisi ya ustawi wa jamii wilayani. Mahabusu za watoto ni chache nchini, Mbeya ipo moja, na shule ya maadilisho ni Irambo, Mbeya. Mtoto wa Rukwa anaweza kuwa Mbeya na hakuna gereza lolote litakalomjua.

#25 NyotaYaZiwa
Mwalimu, ana miaka 22. Nawashukuru wote, nayaandika haya pembeni.

#26 Kabwela wa Mpanda
Swali la pembeni. Mbona masjala nyingine zinajibu "jalada halionekani"? Mimi nasema yanapotezwa makusudi.

#27 DadaMasjala
Usikimbilie huko mkuu. Rufaa ikikatwa, mahakama ya juu inaliita jalada halisi, linaondoka kwa dispachi na linaweza kukaa huko muda mrefu. Karani mpya asiyejua atakuambia halionekani. Mwambie aangalie kitabu cha dispachi, kuna tarehe liliyotoka na saini ya aliyelipokea.

#28 KaraniMstaafu
Au hakimu kahamishwa na jalada liko kwenye kabati la ofisi yake likisubiri kukabidhiwa. Au shauri limehamishwa kutoka Mwanzo kwenda Wilaya likapewa namba mpya, na rejista ya zamani imeandikwa neno moja tu, "limehamishwa". Sikatai kwamba yapo yanayopotea. Lakini kabla ya kulia, maliza hizo njia tatu.

#29 Kabwela wa Mpanda
Nimesikia. Ila mimi bado nina shaka na baadhi.

#30 WakiliWaVijijini
Mleta uzi aliuliza nakala ya hukumu. Andika barua kwa Hakimu Mfawidhi wa mahakama iliyoamua, utaje namba ya shauri, majina ya wahusika, tarehe ya hukumu, na sema unaomba hukumu, mwenendo wa shauri, au vyote. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo ni muhimu kwa sababu muda unahesabika. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Wilaya ni siku 30 tangu uamuzi. Kesi iliyoanzia Mahakama ya Wilaya, taarifa ya nia ya kukata rufaa ni ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe siku 45, na siku za kusubiri nakala haziingii kwenye hesabu ya 45. Asiye na barua yenye muhuri atazithibitishaje hizo siku za kusubiri? Aliye gerezani anapitishia kwa mkuu wa gereza.

Malipo yoyote ni kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Ukiombwa fedha mkononi, kataa. Na dhamana haiuzwi, iwe ya polisi au ya mahakama.

Asiye na uwezo wa wakili aulize wasaidizi wa kisheria walioandikishwa wilayani, wapo kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Milango yote ikifungwa na hakuna ofisi inayokiri kuwa naye, Mahakama Kuu inaweza kuombwa iamuru mtu aletwe mbele yake, maombi ya habeas corpus, kifungu cha 390. Hapo zile barua zenye mihuri ndiyo uti wa mgongo wa kiapo.

#31 NyotaYaZiwa
Wakuu, mrejesho. Ndugu zake wamekwenda kituo cha wilaya leo wakauliza kwa siku na idadi kama alivyoelekeza KaraniMstaafu #3. Watano wameonekana kwenye daftari la mahabusu, usiku wa siku ya mnada. Wanne wana majina yao, wa tano ameandikwa kwa jina la mtaani pekee. Safu ya kutoka, wote watano siku ya tatu: "dhamana". IR ipo na tumeinakili. Lakini nyumbani hajafika na hajapiga simu.

#32 KaraniMstaafu
Mwenyezi Mungu awape subira. Alichosema wakili #5 ndicho, mlango wa mahakama haujafunguliwa bado. Mimi na Mahakama yangu ya Mwanzo nimekosea. Sasa waombe kwa mpelelezi wa IR hiyo mambo mawili: majina ya wadhamini wa kila mmoja, na tarehe walizopangiwa kuripoti. Kama aliripoti hata mara moja, iko kwenye jalada. Wale wanne wengine watafuteni kwa majina yao, wanajua walitokaje getini na nani alielekea wapi.

#33 Mzee wa Kiliwi
Mimi bado sijaridhika na "dhamana" ya watu watano kwa siku moja. Inawezekana walikabidhiwa kwa wengine na karatasi ikaandikwa kwa urahisi. Ulizeni nani aliwatoa.

#34 AskariMagerezaMst
Na vitu vyake. Mtu akiingia selo anavuliwa mkanda, kamba za viatu, simu, fedha, vinaandikwa, na akitoka anasaini kuvichukua. Ombeni kuonyeshwa saini au dole gumba kwenye vitu vya huyo wa tano. Kama simu na mkanda bado viko stoo ya kituo, basi hakutoka kwa dhamana kama ilivyoandikwa, na barua ya kesho iende kwa mkuu wa polisi wa wilaya, OCD, moja kwa moja.

#35 NyotaYaZiwa
Afande, hilo hawakuuliza. Wanarudi kesho saa 2.